Jibu: Mikoba 300 ya ukili kwenda Hamburg, na hiyo nailoni

Weka chini hiyo nailoni, dada wa Wete. Unasema mikoba 300 iko tayari, masika yameshaanza, na wakala kakwambia kila mkoba uingie kwenye mfuko wake wa nailoni, unyevu hautaingia. Hautaingia, kweli. Wala hautatoka. Wakala wangu aliniambia maneno hayohayo, akachukua ada yake, mzigo ukafika kijani, mnunuzi akauliza kama ndiyo rangi ya asili.

Ukindu hutiwa maji ulainike kabla ya kusukwa. Maji hayo hujificha pale ukili, yaani ule utepe uliosukwa, ulipopandana: pindo, kitako na shina la mpini. Ukipapasa nje pakavu, ndani pabichi. Kontena likitoka joto la bandari ya Malindi, Unguja, likaingia baridi ya Ulaya, mvuke hugeuka matone darini na kudondokea makatoni. Kuvu hataki zaidi ya hapo.

Basi pima kwa mizani, si kwa kiganja. Chagua mikoba 10, itie namba, andika gramu, ianike kwenye chanja penye upepo, pima tena kesho. Ikipungua, bado. Lakini masika mizani nayo hudanganya, maana mkoba hulingana na hewa iliyojaa maji. Tia mmoja kwenye mfuko unaoonyesha ndani, ufunge kabisa, uache juani kwa muda wa saa 2. Mfuko ukitoa jasho ndani, rudisha chanjani au ngoja Kusi.

Ukikauka, katoni ya kuta mbili na karatasi katikati. Vya kunyonya unyevu ni silika jeli au kloridi ya kalsiamu. Vipakiti vyenye dimethili fumarate, dawa ya kuua kuvu, Ulaya wamevipiga marufuku tangu 2009. Kama mnachangia kontena, uliza jirani ni nani. Akiwa karafuu, mikoba itafika inanukia pilau.

Ushuru usikutishe: mikoba ya kusuka msimbo wake wa forodha ni 4602, na ya Tanzania inaingia bila ushuru kwa EBA, mpango wa Umoja wa Ulaya kwa nchi maskini zaidi. Mzigo usiozidi yuro 6,000 unaandika mwenyewe tamko la asili kwenye ankara. Ukizidi, lazima uwe umesajiliwa REX, daftari la Umoja wa Ulaya la wauzaji wa nje.

Mwambie mnunuzi leo kwamba mzigo unatoka Juni. Na huyo wakala mwombe akuandikie nani atalipa mikoba ikiota kuvu. Utaona simu yake itakavyoisha chaji.