Kabla hujalinganisha ushuru wa gari wa nchi moja na nyingine

Barua ilitoka idara ya forodha, nami kwa kuwa nilikuwa nikisubiri kifurushi, niliiacha mezani siku tatu nikidhani ni habari za mzigo. Sikujua kwamba nchini Ujerumani, tangu mwaka 2014, ushuru wa gari wa kila mwaka hukusanywa na forodha. Nilipoifungua nilikuta natakiwa kulipa yuro 278 kwa gari la dizeli ambalo nilikuwa nimejisifu kwa wiki kadhaa kwamba nimelipata kwa bei ya chini. Jirani yangu, ambaye gari lake halikuwa dogo kuliko langu na lilikuwa limesajiliwa mwaka uleule wa 2015, ila lilitumia petroli, alikuwa akilipa yuro 76.

Nilikaa na kadi zote mbili za magari nikapiga hesabu. Dizeli hutozwa yuro 9.50 kwa kila CC 100 za injini, na mia isiyotimia huhesabiwa kama mia kamili, hivyo CC 1,968 za injini yangu zikawa mafungu 20, yaani yuro 190. Juu yake huongezwa yuro 2 kwa kila gramu ya hewa ya ukaa inayozidi gramu 95 kwa kilomita. Gari langu lilitoa gramu 139, likavuka kwa gramu 44, zikawa yuro 88 nyingine. Jirani alikuwa na injini ya CC 1,395, na kwa kuwa petroli hutozwa yuro 2 tu kwa fungu, alilipa yuro 28 za injini na yuro 48 za hewa ya ukaa. Laiti ningeifanya hesabu hiyo kabla ya kutia saini, ambayo ni kazi ya dakika tano, ningenunua gari jingine. (Kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia mwaka 2021 hesabu imekuwa kali zaidi, kwa sababu bei ya gramu hupanda kadiri gramu zinavyoongezeka, hadi kufikia yuro 4.)

Tangu hapo, mtu akiniuliza ni nchi gani yenye ushuru nafuu wa gari, humuuliza kwanza ni gari gani analolizungumzia, kwa sababu nchi hazipimi kitu kimoja. Italia hupima nguvu ya injini: kiwango cha msingi kwa magari ya daraja la Euro 4 (kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi) na kuendelea ni yuro 2.58 kwa kila kilowati hadi kilowati 100, na gari lenye zaidi ya kilowati 185 huongezewa yuro 20 kwa kila kilowati inayozidi. Uholanzi hutazama uzito, aina ya mafuta na hata mkoa unaoishi. Katika jimbo la California nchini Marekani, sehemu kubwa ya malipo ya mwaka ni asilimia 0.65 ya thamani ya gari, kwa hiyo hupungua gari linapozeeka. Japani hupima CC, na gari la petroli likishapita miaka 13 ushuru wake hupanda kwa takriban asilimia 15. Chukua basi gari kuukuu lenye injini kubwa: California litakuwa nafuu, Japani litakuwa mzigo, na hakuna nchi kati ya hizo mbili iliyokosea hesabu.

Uingereza ndiyo iliyonifundisha kutazama tarehe. Magari mawili yanayofanana kila kitu, yote ya petroli na yote yakitoa gramu 99 za hewa ya ukaa, moja likiwa limesajiliwa Machi 2017 na jingine Aprili 2017, yako chini ya sheria mbili tofauti: kwa viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025, la kwanza lililipiwa pauni 20 kwa mwaka na la pili pauni 195. Isitoshe, kwa viwango hivyo, gari la petroli la sheria hiyo ya pili ambalo bei yake rasmi likiwa jipya ilizidi pauni 40,000 liliongezewa pauni 425 kwa mwaka; nyongeza hiyo hudumu miaka mitano, kuanzia mwaka wake wa pili. Kinachoangaliwa ni bei ya siku lilipokuwa jipya, wala si pesa uliyotoa wewe uliyelinunua likiwa limetumika.

Huko huko usimsikilize muuzaji anayekwambia kwamba gari limelipiwa hadi Desemba. Tangu Oktoba 2014, ile karatasi ya kubandika kwenye kioo ilipofutwa, ushuru haumfuati mnunuzi. Mimi nilinunua gari tarehe 28, nikalazimika kulipia mwezi mzima uliobakiwa na siku tatu, na muuzaji naye, ambaye alikwisha kuulipia mwezi huo huo, akarudishiwa miezi kamili iliyosalia tu. Serikali ikalipwa mara mbili kwa gari moja. Sasa hununua magari tarehe za mwanzoni mwa mwezi.

Halafu zipo nchi zinazosifiwa kwamba hazina ushuru huu kabisa. Ufaransa iliuanzisha mwaka 1956 na kuufuta kwa watu binafsi mwaka 2000, lakini leo gari linalotoa hewa chafu nyingi hutozwa kodi nzito siku linaposajiliwa mara ya kwanza. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari katika bajeti ya 2017/18 na papo hapo ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Anayechoma lita 1,500 kwa mwaka amelipa shilingi 60,000 bila kupokea ankara yoyote, na ambaye gari lake limelala juu ya mawe hajalipa kitu. Binafsi naona utaratibu huo una haki kuliko ule wa Ujerumani, ingawa anayeendesha kwa riziki atanipinga, na ana sababu.

Namna ninayolinganisha siku hizi ni kuchukua gari moja halisi, kadi yake ikiwa mkononi, na kujumlisha usajili, ushuru wa mwaka na tozo ya mafuta kwa miaka yote ninayotarajia kukaa nalo. Namna ya kulipa nayo huingia kwenye jumla: nchini Ireland kila robo mwaka hugharimu asilimia 28.25 ya ushuru wa mwaka, kwa hiyo anayelipa kwa robo humaliza mwaka akiwa ametoa asilimia 113.

Kwa magari ya umeme, jumla hiyo naiandika kwa penseli. Ujerumani bado inayasamehe kwa miaka kadhaa baada ya kusajiliwa, Uingereza iliacha kuyasamehe Aprili 2025, na New Zealand, tangu Aprili 2024, huyatoza dola zake 76 kwa kila kilomita 1,000. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka huko analipa dola 1,140, na rafiki yangu mmoja aliyekuwa akipanga kuhamia New Zealand na gari la umeme alikuwa bado anatumia jedwali nililomtumia mwaka 2023, ambamo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika sifuri.