Maneno tunayoyasema bila kuyaona

Tangu nilipowaomba mniletee maneno yaliyowakwama kooni, barua hazijakoma. Nyingi zinahusu maneno ambayo mwandishi wake ameyasema miaka nenda rudi, kisha siku moja akashtuka: hivi hili nalo maana yake nini? Mshtuko huo naupenda kuliko kitu chochote katika kazi hii. Tuanze.

Shikamoo Mwalimu. Marehemu bibi alikuwa na msemo wake: "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mimi siku zote nilidhani tezi ni ile ya shingoni na omo ni sabuni ya kufulia. Nisaidie. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hauko peke yako, maana aliyekulia mbali na bahari atalijulia wapi jahazi? Msemo huo wote uko chomboni. Tezi ni sehemu ya nyuma, penye usukani. Wapo wanaoiita shetri. Omo ni mbele, inakotangulia kukata maji. Na ngama ni chini kabisa, tumboni mwa chombo, mahali yanapokusanyika maji yanayopenya kwenye mbao.

Niliwahi kusafiri na jahazi la mizigo, nikakaa juu ya magunia ya mkaa karibu na mlingoti. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakutulia. Mara yuko tezi anapokea amri, mara yuko omo anatazama mbele, mara anavuta kamba za tanga. Lakini kila baada ya muda alirudi palepale, akashuka ngamani na kopo lake, akaanza kuchota maji na kuyamwaga baharini. Wenyewe wanaita kufua maji. Siku hiyo ndipo methali niliyoisoma darasani ilinifungukia. Uende mbele, uende nyuma, ngama inakusubiri, na usiporudi mtazama wote. Kwa hiyo bibi alipomwambia mtu maneno hayo, alimaanisha: hangaika utakavyo, mwisho utarejea hapahapa kwenu.

Mwalimu, "Maji ya kifuu bahari ya chungu." Chungu cha kupikia kinahitaji bahari ya nini? (Msomaji, Dodoma)

Chungu hapa ni mdudu, yule mdogo tunayemwita pia sisimizi. Kifuu ni gamba gumu la nazi. Sasa isome tena umwone yule mdudu amesimama ukingoni mwa kifuu kilichoingia maji ya mvua, anatazama ng'ambo.

Hujambo Mwalimu? Niko kidato cha pili. Tumekariri nomino za makundi: thurea ya nyota, kole la nazi, chane ya ndizi. Kuna mtu anayesema "thurea ya nyota" kweli, ama ni ya mtihani tu? (Mwanafunzi, Nakuru)

Sijambo, na ninakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu umegusa neno ninalolipenda mno na ambalo orodha za mtihani zimelidhulumu.

Chane na kole ni maneno ya watu wa shamba na sokoni. Nenda kwa muuza ndizi, utamwona anakata chane moja kutoka kwenye mkungu. Thurea ni habari nyingine. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko Thuraya ni jina la nyota mahususi: kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana, ambacho ukikitazama haraka unadhani ni kiwingu. Kutokana na kung'aa huko kwa pamoja, taa kubwa ya vishada inayoning'inia darini nayo ikaitwa thurea. Visiwani utawakuta akina mama wanaoitwa Thuraiya, na ni nyota hizohizo.

Lakini Waswahili hawakungoja Kiarabu kuzipa jina. Walikuwa wanaziita kilimia. Litazame vizuri: lima, limia, kilimia. Ni kitu cha kulimia, yaani cha kukuonyesha wakati wa kulima. Mnamo Mei nyota hizi hazionekani kabisa kwa kuwa ziko upande mmoja na jua, nazo hurudi Juni, alfajiri, upande wa mashariki. Ndiyo maana wazee wa pwani walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kikitoweka magharibi wakati masika bado yananyesha, kitakaporejea utakuta mvua zimekatika. Hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima.

Na neno hili halikuishia pwani. Kule Afrika Kusini, Waxhosa huziita nyota hizohizo isilimela, mzizi uleule wa kulima, na Juni kwao ni mwezi wa isilimela. Mwanamume wa Kixhosa huhesabu miaka ya utu uzima wake, tangu alipotoka jandoni, kwa isilimela. Fikiria umbali uliopo kati ya Nakuru na huko, kisha fikiria watu waliobeba neno moja la jembe na kulipachika angani.

Kwa hiyo mtihani ukikuuliza, andika "thurea ya nyota" upate alama yako. Ila Novemba ikifika, toka nje usiku kama saa mbili, angalia mashariki kuelekea kaskazini kidogo. Hesabu. Wengi hupata sita. Baada ya hapo hutalisahau tena.

Kesho, kesho kutwa, halafu? Mume wangu anabisha kwamba Kiswahili kinaishia hapo. (Msomaji, Tanga)

Mwambie hakiishii hapo, mama. Baada ya kesho kutwa ni mtondo, na baada ya mtondo ni mtondogoo. Leo ikiwa Jumatatu, mtondo ni Alhamisi na mtondogoo ni Ijumaa. Ninasikitika kwamba maneno haya yanapotea wakati bado tunayahitaji; tunazunguka na "siku ile inayofuata kesho kutwa" ilhali neno lipo na ni zuri kutamka.

Mwalimu, nimetafuta "mwamba" kwenye kamusi ili nielewe "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Nimekuta jiwe kubwa. Jiwe na ngoma wapi na wapi? (Msomaji, Kigoma)

Umekwama mahali ambapo wengi wanakwama, na dawa yake ni nyepesi. Methali zetu nyingi huanza na mtu anayetenda: mwenda, mtaka, mchimba, mpanda. Ukikutana na neno la namna hiyo, vua m- au mw- ya mbele, utafute kitenzi. Mwamba huyu si jiwe. Ni mtu awambaye, na kitenzi ni wamba: kuitandaza ngozi juu ya ngoma na kuikaza. Anayewamba huivuta ngozi kuja upande wake. Ndivyo mikono inavyofanya kazi. Hata kamusi iwe ipi, ile ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, nenda kwenye W utakipata.

Ukishalijua wamba, hutaishia kwenye ngoma. Kitanda cha kamba nacho huwambwa. Niliwahi kukaa na fundi wa vitanda Bagamoyo, chini ya mwembe, akifanya kazi hiyo kwa kamba za ukindu. Aliegemeza unyayo kwenye ubao wa pembeni, akaishika kamba kwa mikono miwili, akajivuta nyuma mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Ngozi huivutia kwake, nikasema moyoni. Nilimwomba anitajie kila kipande. Miguu ya kitanda ni matendegu. Mbao za pembeni ni mifumbati. Upande wa kichwani ni mchago. Nafasi iliyo chini, tunakosukuma masanduku na viatu, ni uvungu, na bila shaka unamkumbuka yule mtaka cha mvunguni ambaye sharti ainame. Lugha iliyoona haja ya kuipa jina nafasi tupu chini ya kitanda ni lugha ya watu waliotazama nyumba zao kwa makini.

Kisha nikamuuliza kitanda kibovu kinaitwaje, kile ambacho kamba zake zimelegea. Akaniambia: teremka tukaze. Hilo ni jina kamili, na limo kwenye kamusi. Mtu amelala, kitanda kimebonyea katikati kama pakacha, wenzake wanamwambia teremka tukaze kamba, na sentensi nzima imegeuka kuwa nomino. Nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari mara mbili.

Assalaam alaykum. Babu yangu aliyezaliwa Unguja akicheza karata hutaja kopa, uru, pao na shupaza. Sisi wajukuu tunacheza naye lakini hatujui ni lugha gani. (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam, na umsalimie babu. Ni Kireno. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo, espadas ni panga. Karata za zamani za Wareno zilichorwa vitu hivyo hasa, ndiyo sababu ya majina. Kwetu kopa imekaa kwenye ile yenye umbo la moyo, uru kwenye almasi, pao kwenye ua jeusi, shupaza kwenye jani jeusi lenye ncha. Neno karata lenyewe ni lao, na turufu pia.

Kuna jambo linalonigusa katika swali lako. Ni Waomani waliowatoa Wareno kwenye Ngome ya Yesu pale Mombasa, mwaka 1698. Wareno wakaondoka, mizinga ikanyamaza, lakini majina ya karata yakabaki midomoni mwa watu wa pwani, na leo mzee anayataja Muscat, mji ambao Wareno nao waliwahi kuushika na kuupoteza. Mrekodi babu akicheza. Usimhoji kama mwandishi wa habari, weka simu mezani tu muendelee na mchezo. Katika mizunguko kumi atataja maneno ambayo hata yeye hakumbuki kwamba anayajua.

Jambo Mwalimu. Hapa tunasema bukari, si ugali. Jamaa mmoja kutoka Dar ananicheka kwamba si Kiswahili. (Msomaji, Lubumbashi)

Ni Kiswahili cha Lubumbashi na hakina kasoro. Hiyo bu- yenu ndiyo u- ya pwani; kwenu mtu husema butamu, pwani utamu. Na yenu ndiyo iliyohifadhi sura ya kale zaidi, kwani b ile imebaki katika lugha nyingi za Kibantu na pwani ndiyo iliyoidondosha. Jamaa akija tena, mpe bukari na sombe, kisha mwulize kwao sombe inaitwaje. Atasema kisamvu, na mtakuwa mmepata neno moja kila mmoja.

Mwalimu, ninapenda sana maneno haya, lakini nikiyatumia ofisini wenzangu wanasema ninajifanya mshairi wa kale. Niyaache? (Msomaji, Nairobi)

Usiyaache, yaweke penye kazi yake. Neno adimu linapendeza pale kitu chake kipo. Ukisema "tukutane mtondo" bila kueleza, umemwacha mwenzako njiani. Ukisema "tukutane mtondo, Alhamisi hii," umemfundisha bila kumwaibisha, na wiki ijayo atalitumia yeye. Maneno yangu mengi nimeyapata hivyo, kwa mtu aliyenisogezea neno na maana yake kwa pamoja.

Mwanangu wa miaka sita anauliza kwa nini kitu kikianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi na mchangani ni tifu. Nimjibu nini? (Msomaji, Mtwara)

Usimjibu. Chukua ndoo ya maji, beseni la matope na rundo la mchanga mkavu, mpe mawe matatu ya ukubwa mmoja, mfumbe macho kwa kanga na umwambie asikilize. Maneno hayo yalitungwa na masikio, na sikio la miaka sita ni zuri kuliko langu. Nimefanya jaribio hilo na wajukuu jana jioni. Chubwi ilisikika wazi, wote tulikubaliana. Tifu ilihitaji kurudiwa mara nne, mpaka mdogo wao alipolala kifudifudi na kuweka shavu kando ya mchanga, akainua mkono kutunyamazisha, akasema, "Nimeisikia."