Jibu: Analia kapunjwa juisi, na vipimo ni sawa

Pole dada. Nimekuelewa: mwanao wa miaka 4 anakuona ukimimina juisi sawasawa, lakini ya dada yake ikiingia kwenye glasi ndefu anaangua kilio. Si ukorofi, wala hajachelewa akili. Umri huo jicho linakamata kimo tu, upana haumo kwenye hesabu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliandika hili zamani. Watoto wengi huanza kung'amua wakikaribia miaka 7.

Kwanza angalia vikombe. Kama vinafanana na bado analia, huo ni wivu, dawa yake nyingine. Kama havifanani, usijichoshe kumweleza. Mpe jagi amimine mwenyewe maji, toka kikombe kipana kwenda chembamba na kurudi, kisha muulize, "Yameongezeka?" Wangu alinijibu, "Ndiyo, yamekua," akainama kuchungulia chini ya meza yalikotoka mengine! Usimcheke mbele yake, ila raha utaipata. Baadaye sana nikamsikia akimkatalia mdogo wake: "Si mengi hayo, ni marefu tu."

Wako atafika hapo lini, siwezi kukutajia. Kwa sasa nunua vikombe vya aina moja, mlo upite kwa amani, na glasi ndefu itoe siku ya mchezo.