Ukianza kusoma Vita Baridi, anzia kwenye makaa ya mawe

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Tano huanza insha ya Vita Baridi, yaani uhasama wa Marekani na Urusi baada ya 1945, kwa kusema ubepari na ukomunisti haviwezi kukaa pamoja. Mbona kuanzia 1941 hadi 1945 vilikaa pamoja vikimpiga Hitler? Ninyi mnaoanza, wekeni itikadi kando kwanza. Ulizeni nani alikuwa na njaa, nani alidai nini, na pesa alikuwa nazo nani.

Maswali hayo yatawafikisha Ujerumani upesi. Umoja wa Kisovieti, yaani Urusi na jamhuri zilizoungana nayo, ulikuwa umepoteza vitani watu wapatao milioni 27. Stalin, kiongozi wake, alitaka fidia, na katika eneo la mashariki walilolikalia, watu wake waling'oa mitambo ya viwanda wakaisafirisha kwao. Waamerika na Waingereza, kwa upande wao, walikuwa wakiwalisha Wajerumani wa maeneo yao kwa gharama zao wenyewe. Waliona kwamba makaa ya mawe ya Ruhr, eneo la migodi na viwanda magharibi mwa Ujerumani, yasipochimbwa, Ulaya magharibi nzima itabaki kuomba. Huyu anataka Ujerumani ilipe, yule anataka isimame. Hata wangekuwa na itikadi moja, wangegombana.

Uingereza nayo msiihesabu kuwa tajiri eti kwa kuwa ilishinda. Mkate haukuwahi kuwekewa mgawo vitani. Uliwekewa Julai 1946. Februari 1947 London iliiarifu Washington kwamba haina tena uwezo wa kuisaidia Ugiriki, na mwezi uliofuata Truman, rais wa Marekani, akaliomba Bunge lake dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Mwaka huohuo Waingereza, wakihangaikia mafuta ya kupikia, walianza mradi wa karanga Kongwa, Tanganyika, uliokufa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. (Nikisahihisha insha nikakuta mtu ametaja Kongwa kwenye swali hili, usingizi huniisha.)

Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, mtaukuta kila kitabu. Someni zaidi habari ya Chekoslovakia: Julai 1947 ilikubali mwaliko wa mkutano wa Paris kuhusu mpango huo, ikaitwa Moscow, ikajitoa.

Kisha andikeni tarehe kwa mkono wenu kwenye karatasi moja, siyo miaka peke yake. Tarehe 20 Juni 1948 sarafu mpya ilianza kutumika katika maeneo ya magharibi ya Ujerumani. Tarehe 24 Warusi, walioipinga sarafu hiyo, walikuwa wamefunga barabara, reli na mito ya kwenda Berlin magharibi, iliyozungukwa na eneo lao, na mji ukalishwa kwa ndege; kizuizi kiliondolewa Mei mwaka uliofuata. Ukiandika "1948" tu, uhusiano wa sarafu na kizuizi hicho hutauona.

Hotuba ziacheni mwishoni. Ile ya Churchill pale Fulton, Machi 1946, iliyosema pazia la chuma limeigawa Ulaya, wengi huinukuu kama tamko la serikali ya Uingereza. Churchill wakati huo alikuwa kiongozi wa upinzani. Waziri mkuu alikuwa Attlee.