Swali kwanza, ruzuku baadaye: kwa wauguzi wapya jeshini Marekani wanaotaka kufanya utafiti

Wadogo zangu mlioingia uuguzi wa jeshi la Marekani, naandika kwa sababu swali ninaloulizwa na wageni ni lilelile: "Dada, pesa za utafiti zinaombwaje?" Nitalijibu. Lakini kuna swali linalotangulia, na asiyelijibu huandika kurasa nyingi za ombi ambalo haliwezi kupita. Je, jambo linalokusumbua wodini bado halina jibu, au jibu lipo na sisi ndio hatujalitumia? Kila kitu kinafuata hapo: aina ya ruzuku, kiasi cha pesa, idhini zinazohitajika, na muda utakaotumia.

Chukua kanula, ule mrija mdogo unaochomwa kwenye mshipa wa damu kupitishia dawa na maji. Wengi tulifundishwa kuitoa na kuchoma upya kila siku ya tatu, iwe mshipa una tatizo au hauna. Muuguzi mpya akiona mgonjwa anachomwachomwa bure atasema, "Hapa pana utafiti." Hapana, ulishafanyika. Mwaka 2012 Claire Rickard na wenzake huko Queensland, Australia, walichapisha jaribio la wagonjwa 3,283. Kundi moja walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu, kundi la pili walibadilishiwa pale tu dalili zilipoonekana. Mshipa ulivimba kwa asilimia 7 ya wagonjwa katika kila kundi. Ukiomba pesa za kurudia jambo hilo hospitalini kwako, wahakiki watakuuliza kwa nini, na hutakuwa na la kusema.

Hata hivyo kazi ipo, na ni kazi ya heshima: kuhamisha ushahidi kutoka kwenye jarida hadi kwenye mkono wa muuguzi wa zamu ya usiku. Nasikitika kuona watu wanaiona hii kama utafiti wa daraja la pili. Mimi naamini imewafaa wagonjwa wengi kuliko tafiti nyingi zilizoishia maktabani. Wauguzi wengi huku hufuata mwongozo wa Chuo Kikuu cha Iowa, uliofanyiwa marekebisho na kuchapishwa upya mwaka 2017. Uzuri wake ni kwamba una njia panda. Ukishakusanya ushahidi unaulizwa kama unatosha. Ukitosha, unaunda kikosi, unajaribu badiliko kwenye wodi moja, unapima, kisha unapanua. Usipotosha, ndipo unaambiwa ufanye utafiti.

Kwenye mradi wa namna hii, pima hali ilivyo kabla hujagusa chochote. Ni kanula ngapi zinatolewa bila sababu? Ni wauguzi wangapi wanaandika hali ya mshipa kila zamu? Bila takwimu za mwanzo hutaweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba umebadilisha kitu. Na usidhani kwa kuwa si utafiti basi kamati ya maadili haikuhusu. Wapelekee maelezo, wakupe barua inayosema kazi hii haihesabiki kuwa utafiti wa binadamu. Siku utakapotaka kuchapisha matokeo, barua hiyo ndiyo itakayotakiwa.

Sasa, yapo maswali ambayo hospitali za kiraia haziwezi kutujibia. Mfano ninaoupenda ni wa machela. Majeruhi wa Iraki na Afghanistani walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya Landstuhl, Ujerumani, kisha Marekani, saa nyingi wakiwa wamelala juu ya machela za NATO. Maandiko yote mazuri kuhusu vidonda vya kulala muda mrefu yalihusu magodoro ya hospitali. Elizabeth Bridges, muuguzi wa Jeshi la Anga, na wenzake walipima mgandamizo kati ya ngozi na machela yenyewe, kwa sababu hakuna hospitali ya mjini iliyokuwa na haja ya kupima hilo. Ongeza kelele, mtikisiko, baridi, na hewa ndani ya ndege inayoweza kuwa sawa na ya mlimani kwenye mita 2,400 hivi. Mapafu yaliyojeruhiwa yana jambo la kusema kuhusu hewa hiyo. Hapo ndipo swali linapostahili pesa mpya.

Pesa zenyewe ziko wapi? Mfuko mkuu unaitwa kwa herufi zake, TSNRP, programu ya utafiti wa uuguzi ya majeshi matatu: la Nchi Kavu, la Maji na la Anga. Ilianzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1992, baada ya kupiganiwa na Seneta Daniel Inouye wa Hawaii. Inouye alipoteza mkono wa kulia vitani Italia mwaka 1945, akakaa muda mrefu katika hospitali za jeshi, na shukrani zake kwa wauguzi hakuzificha. Ofisi iko kwenye chuo kikuu cha afya cha majeshi huko Bethesda, Maryland. Mtafiti mkuu lazima awe ofisa wa uuguzi: aliye kazini, wa akiba, wa Walinzi wa Taifa, au mstaafu. Kwa hiyo wewe uliyeingia kama tabibu wa kikosi na bado unasomea uuguzi, jiunge kwanza na mradi wa mtu mwingine. Zipo ruzuku za watafiti wanaoanza, za wanafunzi wa shahada za juu, na za miradi ya kutumia ushahidi. Pia huandaa kambi za mafunzo ya kuandika maombi. Ukiitwa nenda, na uende na swali lako likiwa limeandikwa: mgonjwa gani, unataka kufanya nini, ukilinganisha na nini, utapima nini, kwa muda gani.

Jambo ambalo ningependa mlisome mara mbili ni ridhaa. Jeshini ombi la mkubwa husikika kama amri, hata likisemwa kwa upole na tabasamu. Kapteni akimwambia askari wa cheo cha chini, "Tungependa ushiriki, lakini ni hiari yako," askari anasikia nusu ya kwanza tu. Kwa sababu hiyo kanuni za Wizara ya Ulinzi zinakataza wakubwa kushawishi uamuzi wa walio chini yao, na wanapoalikwa watu walio chini yako, wewe mkubwa wao utoke nje. Utafiti ukiwa na hatari inayozidi ya kawaida, na askari wakaelezwa kwa kundi, anawekwa mtu huru asiye wa mradi wala wa mlolongo wa amri, aangalie kwamba hakuna anayesukumwa. Ombi linalosema tu "ushiriki ni wa hiari" halitoshi. Eleza nani atazungumza na askari, akiwa amevaa nini, mahali gani, na nani hatakuwepo. Sisi tuliolelewa kuamkia na kutokumkatalia mkubwa tunajua vizuri jinsi "ndiyo" inavyoweza kutoka mdomoni bila ya moyo kukubali. Tumieni ujuzi huo kuwalinda watu wenu.

Ridhaa inagusa pia bajeti. Waliotoka vyuo vya kiraia huweka kadi za zawadi kwa washiriki. Askari aliye kazini halipwi kwa kushiriki utafiti, isipokuwa kwa kutolewa damu, na hapo sheria inaruhusu hadi dola 50 kwa kila mara. Mshahara wako pia usiuweke, maana serikali inakulipa tayari. Wala pesa hazitaingia mkononi mwako. Zinapitia taasisi inayosimamia ruzuku, mara nyingi Henry M. Jackson Foundation au Geneva Foundation. Zungumza nao mapema, kwa sababu wana fomu zao na tarehe zao, na tarehe hizo hutangulia zile za mfuko.

Na uhamisho usiusahau. Ofisa huhamishwa baada ya miaka michache, na anaweza kupelekwa operesheni kabla ya hapo, huku idhini za maadili, za kamanda, na za usalama wa takwimu zikichukua miezi. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa sababu mtafiti mkuu alihamia upande wa pili wa dunia wiki mgonjwa wa kwanza alipoandikishwa. Tafuta mtafiti mwenza raia, mtu mwenye mizizi pale hospitalini, na umwandike kwenye ombi akiwa na kazi halisi. Barua ya kamanda iombe kwa kumweleza faida kwa kikosi chake: siku ngapi za kitandani zitaokolewa, au askari wangapi watarudi kazini mapema.

Mtakwimu naye umtafute kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Yeye ndiye atakayekuambia unahitaji wagonjwa wangapi, na idadi hiyo ndiyo inayoamua kama hospitali moja inatosha au unahitaji tatu. Kila hospitali unayoongeza ina kamanda wake na safari yake ya idhini. Wapo waliogundua jambo hili baada ya kushinda ruzuku, wakajikuta wanaandika barua za kuomba muda zaidi huku pesa zikiwa zimekaa bila kazi.