Dawa ya Kabla, Machozi ya Baada: Kwa Mnaoanza Kazi ya Nyasi

Wiki iliyopita nilimkuta mdogo wangu mmoja, wiki yake ya tatu kazini, anapuliza prodiamini, dawa ya kuzuia magugu kabla hayajaota, juu ya krabugrasi, gugu la nyasi, iliyokwisha kutoa matawi. Katikati ya mwezi wa tano. Na anapuliza kwa ustadi, mstari kwa mstari, utadhani anapaka rangi ukuta wa ukweni. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Naua magugu, kaka." Nikacheka mpaka nikashika lori. Kisha kicheko kikaniishia, maana mwaka wangu wa pili hapa Raleigh nilifanya kubwa kuliko hilo.

Basi naandika, kwa ajili yenu mnaofika North Carolina na kuingia kwenye nyasi kama tulivyoingia wengi wetu: binamu kasema njoo Jumatatu, vaa buti.

1. Dawa ya kabla ni ya kabla. Haiui gugu lililosimama, na mbegu yenyewe haiigusi. Mbegu inapasuka kama kawaida, inashusha kimzizi, kimzizi kinakutana na dawa kwenye ule udongo wa juu, seli zinashindwa kugawanyika, mche unaisha hapo hapo. Ditiopiri, dawa nyingine ya kabla, inaweza kuiwahi krabugrasi changa, kabla haijatoa tawi. Ikishatoa tawi, funga kopo, nenda kachukue kwinkloraki, dawa ya kuua gugu lililokwisha kuota.

2. Kalenda ni ya kuhesabia mshahara. Krabugrasi inaangalia udongo: ukifika nyuzi 55 za Farenhaiti, kama 13 za Selsiasi, siku kadhaa mfululizo, inaamka. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke inchi mbili chini. Kando ya zege la maegesho ndiko kunakopata joto kwanza, na ndiko utakakoaibika kwanza. Huna kipimajoto? Angalia forsithia, ile miti mifupi ya maua ya njano. Ikichanua uwe barabarani. Maua yakianza kupukutika, umeshachelewa. Huku kwetu ni mwisho wa mwezi wa pili hadi katikati ya wa tatu. Mtu anayesubiri maduka yapange mifuko mlangoni mwezi wa nne, huyo anauziwa dawa ya mwakani.

3. Imwagilie. Nusu inchi ya maji, ya mvua au ya springla. Weka kopo tupu la jodari katikati ya nyasi upime. Dawa iliyobaki juu ya majani haina kazi.

4. Jua nyasi za mteja ni zipi na mwaka huu zinaandaliwa nini. Hapa nivumilieni, nitakuwa mrefu.

Ukanda wetu una nyasi za aina mbili hasa. Kuna bermuda, ambayo ni ukoka ule ule wa nyumbani, unatambaa wenyewe na kujaza mapengo. Kuna feskyu, inayokaa kwa mashina, kiangazi kinaipunguza, na kila mwezi wa tisa lazima iongezewe mbegu. Mwisho wa mwezi wa nane tunatumwa na dawa hiyo hiyo ya kabla kuzuia poa annua, gugu lenye jina la salamu yetu na lisilo na lolote la poa, kwa sababu linaota udongo ukishuka chini ya nyuzi 70. Kwenye karatasi ya ruti, yaani orodha ya nyumba za siku, bermuda ina herufi B. Feskyu ina F, na F maana yake ni pita zako.

Siku ile nilimaliza B zangu zote na dawa imebaki kwenye tangi. Kuirudisha gereji kulikuwa na fomu ya kujaza: imebaki kiasi gani, kwa nini, nani alipima. Saa kumi na moja jioni, nimechoka, sina hamu ya Kiingereza cha fomu. Na njiani palikuwa na nyumba ya bibi mmoja, mwalimu mstaafu, kila nikienda ananipa maji ya ndimu yenye barafu na kunisahihisha matamshi. Nikaona nimfanyie hisani. Nikampulizia yadi nzima, mbele na nyuma. Bure! Herufi yake ilikuwa F.

Wiki tatu baadaye ruti ikanirudisha kwake, safari hii na mashine ya kutoboa udongo na mfuko wa ratili 50 wa mbegu za feskyu. Alishalipa. Nikatoboa, nikamwaga, nikamwelekeza kumwagilia. Kila asubuhi alitoka na mpira wa maji akiwa na kanzu yake ya kulalia. Siku ya kumi kukatokea unyoya wa kijani, akanipigia simu kwa furaha, nikapiga picha, nikamtumia mama yangu Morogoro. Siku ya ishirini unyoya ukawa wa njano. Siku ya ishirini na tano palikuwa pekundu, udongo mtupu.

Nikamwambia ni ndege. Mungu anisamehe. Kisha nikamwambia mbegu zilikuwa mbovu, nikanunua mfuko mwingine kwa hela yangu, katikati ya mwezi wa kumi nikamwaga tena. Yakawa yale yale. Ndipo nikapiga magoti, nikang'oa mche mmoja na kuuweka juu ya ukucha. Jani limesimama vizuri, refu kama njiti ya kiberiti. Chini, badala ya nyuzi za mizizi, kuna kifundo kimoja kimevimba, kama kichwa cha hiyo njiti.

Nilikaa ndani ya lori nusu saa. Nilipanga maneno, yakapotea yote mlangoni. Nikamwambia tu: mimi ndiye niliyeua nyasi zako, nilikupa dawa ya zawadi. Alinyamaza. Hakunisahihisha neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma. Akauliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka dawa iishe udongoni, na hiyo ni miezi.

Majira ya baridi yote yadi ilikuwa tope. Alitandika mbao kutoka barazani hadi kwenye sanduku la barua, nami nilipita mtaa ule kila Alhamisi na kuziona. Mwezi wa pili mwenzangu mmoja akapunguza mwendo hapo, akasema, "Huyu aliyepuliza hapa anaijua kazi, hakuna poa hata shina moja." Ni kweli, hapakuwa na poa. Hapakuwa na chochote.

Mwezi wa tisa uliofuata nilimpandia kwa gharama yangu, ikaota. Mbao alinipa. Moja ndiyo tunayopandishia mashine ya kukatia mpaka leo.

Ukihitaji kuzuia magugu na kupanda feskyu kwa wakati mmoja, ipo mesotrioni. Ila usiipeleke kwenye ukoka, utaugeuza mweupe.

5. Ndago na sangari: mnazijua tangu shamba la babu. Zinarudi kutoka chini, kwa viazi na mizizi, wala hazisubiri mbegu. Hii dawa haina habari nazo. Mwambie mteja mapema, la sivyo mwezi wa sita atakuita tapeli.

6. Pima mwendo wako kwa maji matupu kwenye futi za mraba 1,000 kabla ya kuchanganya chochote. Kijana wangu wa krabugrasi anatembea kama anawahi daladala, kwa hiyo anaweka nusu ya kipimo na kudhani ameweka kizima. Na kipimo cha mwaka kiko kwenye lebo; ukigawa mara mbili, raundi ya pili baada ya wiki sita hadi nane, jumla isizidi hapo.

7. Ukitumia dawa ya punje badala ya ya maji, punje zilizorukia zege zipeperushe zirudi kwenye nyasi. Zinaacha madoa ya njano, na zikiingia mtaroni zinakwenda mtoni kwa samaki.

8. Kijana akaniuliza, "Sasa ikibaki kwenye tangi, kaka?" Changanya ya ruti ya leo tu. Ikibaki, irudishe gereji ujaze ile fomu. Nimeihesabu, ina mistari minne.