Maswali na majibu: Miaka sita ya Tom Finney

Wiki iliyopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu Tom Finney, winga wa Preston North End na England, nikasema Vita vya Pili vya Dunia vilimwibia ujana wake. Maswali yamemiminika. Nimechukua haya machache.

Aliibiwaje, wakati ana mechi 433 za ligi na mabao 187?

Angalia hesabu hiyo inaanzia wapi: 31 Agosti 1946, Preston ilipoifunga Leeds 3–2. Finney alikuwa tayari na miaka 24. Mkataba wa kulipwa alisaini miaka sita nyuma, mwanzoni mwa 1940, kijana wa miaka 17. Lakini ligi ilikuwa imesimamishwa Septemba 1939, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Mpira haukufa; zilichezwa ligi za kanda, timu zikiazimana wachezaji kutegemea nani yuko kambi gani. Ila mechi hizo hazikuingia kwenye rekodi rasmi.

Chukua fainali ya Kombe la Vita, 10 Mei 1941. Finney, miaka 19, yuko Wembley mbele ya watu 60,000, anakabwa na Eddie Hapgood wa Arsenal, nahodha wa England. Arsenal wakapata penalti, mpira ukagonga mwamba. Ikaisha 1–1. Usiku uleule ndege za Ujerumani zikaishambulia London kwa mabomu, shambulio baya kuliko yote iliyowahi kupata. Mwisho wa mwezi, kwenye marudiano mjini Blackburn, Preston wakashinda 2–1. Hilo ndilo kombe kubwa pekee alilobeba Finney na klabu yake, na halihesabiwi. Mimi nalihesabu.

Alipigana kweli, au alikuwa askari wa kucheza mpira tu?

Swali la haki, maana wachezaji wengi maarufu walifanywa wakufunzi wa mazoezi ya viungo wakabaki Uingereza. Finney aliitwa jeshini 1942, akapelekwa Misri, kisha Italia, ambako alikuwa dereva wa kifaru. Aprili 1945 alikuwa kwenye mapigano ya Argenta, Waingereza walipokuwa wakivunja ngome za mwisho za Wajerumani kaskazini mwa Italia. Mpira wa jeshi aliucheza pia, lakini usukani aliushika kwelikweli.

Ni kweli alikuwa fundi bomba?

Kweli kabisa. Klabu ilipomtaka akiwa na miaka 14, baba yake alikataa: kwanza umalize ufundi. Akamaliza, na hata alipokuwa nyota aliendesha biashara ya mabomba.

Kwa nini nyota wa taifa ahangaike na mabomba?

Kwa sababu mshahara ulikuwa na kikomo. Mwaka 1952 mchezaji wa Uingereza, awe nani, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 14 kwa wiki. Mwaka huohuo Palermo ya Italia ilimwekea mezani pauni 10,000 za kusaini tu, pauni 130 kwa mwezi, nyumba na gari. Preston wakakataa, na habari ikaishia hapo. Mkataba hata ukiisha, usajili ulibaki mkononi mwa klabu. Mchezaji hakuwa na pa kwenda. Mtu aliyeendesha kifaru kwenye ardhi ya Italia akazuiwa kurudi kulekule kucheza mpira. Hili linaniuma hadi leo. Kikomo kilifutwa 1961, mwaka mmoja baada ya yeye kutundika daluga.

Hakuwahi kupewa kadi?

Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970. Lakini hata kuandikwa jina na refa hakuwahi, pamoja na mateke yote aliyopigwa.

Yeye na Stanley Matthews, winga mwenzake wa England, nani zaidi?

Matthews alikuwa na chenga moja ya sumu, upande wa kulia. Finney, mtu wa mguu wa kushoto, alicheza kulia, kushoto na katikati, akafunga mabao 30 katika mechi 76 za England. Mimi nasema Finney. Ila siku walipopangwa pamoja Lisbon, Mei 1947, mmoja kila pembe, Ureno ililala 10–0, na wote wawili walifunga.

Nianze wapi nikitaka kumwona?

Anza na picha moja ya 1956, Stamford Bridge kwa Chelsea, uwanja umejaa maji. Finney anateleza kuufuata mpira katikati ya dimbwi, na maji yanaruka pande zote mbili za mwili wake kama mabawa, yamemfunika nusu. Mwaka 2004 picha hiyo ilifanywa sanamu nje ya Deepdale, uwanja wa Preston, na imejengwa juu ya chemchemi. Alifariki Februari 2014, akiwa na miaka 91, na watu wa Preston wakaja kuweka skafu zao palepale penye maji.